Simu Ilikuwa ya Mashine

Kila jioni, wenzake walipokwisha kufunga madirisha na kwenda zao, Anold alibaki ofisini kuiuliza mashine iliyokuwa kijijini Kilema, mlimani, kama ilikuwa nzima. Ofisi yenyewe ilikuwa mjini Moshi, ghorofani, juu ya duka la pembejeo, na harufu ya dawa ya mibuni ilipanda ngazi kila siku bila kualikwa. Angeweza kufika Kilema kabla chai kwenye chupa haijapoa, kama barabara ingekuwa na huruma. Lakini masika ya mwaka ule wa 2004 hayakuwa na huruma na barabara yoyote. Ilinyesha mpaka vyura wa Pasua, mtaa wa bondeni, wakaonekana wakiulizia vyumba vya kupanga sehemu za juu.

Hata hivyo si mvua iliyomzuia Anold. Ni mambo mengine.

Aliiamuru kompyuta yake ipige simu. Ikasikika simu ikiita mara moja huko mlimani, kisha mashine mbili zikaanza kupigiana kelele kama paka wawili waliofungiwa ndani ya debe. Zilipoelewana zilinyamaza, na kwenye skrini nyeusi kikatokea kistari kimoja kinachopepesa, kikimngoja aseme. Anold akaandika amri ya kwanza. Mashine ikamjibu ina ubongo wa aina gani na unakimbia kwa kasi gani. Akaandika ya pili, ikamjibu diski imejaa kiasi gani. Akaandika ya tatu, neno moja fupi tu, free, la kuuliza kumbukumbu, kisha akaegemea kiti na kungoja herufi zishuke mlima moja moja.

Hilo ndilo alilolipenda katika kazi yake. Mashine ya mbali huna haja ya kuiona. Unaiandikia amri, nayo inakueleza ilivyo ndani, kipande kwa kipande, bila aibu. Haikwambii "salama tu" ili uondoke.

Mashine hiyo waliiita seva. Ilipokea vipimo vya mvua na baridi kutoka kwenye vyombo vilivyosimikwa mashambani, katika mibuni ya upande ule wote wa mlima, ikavihifadhi ili ofisi ivichote kwa simu. Anold ndiye aliyeifunga, mwezi wa kumi uliopita, na ndiye aliyeambiwa kwamba mkataba wake utaishi kadiri itakavyoishi.

"Inasemaje leo?" aliuliza Ronald, mkuu wa mradi, akisimama mlangoni na mwavuli mkononi.

"Nusu," Anold akajibu. "Megabaiti mia moja ishirini na nane."

"Na jana?"

"Jana ilikuwa kamili. Mia mbili hamsini na sita."

Ronald akaja kuangalia skrini kama anayeangalia sufuria ya mwenzake. "Aisee, hiyo kumbukumbu ni mpangaji? Leo yupo, kesho kahama?"

"Labda ni unyevu. Kule juu ukungu unaingia mpaka chini ya mito."

"Ukungu hata Rombo upo." Ronald alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukiwatisha watu. "Sikiliza, Anold. Wafadhili wanakuja mwisho wa mwezi. Mashine ikibaki na nusu inasimama, ikisimama vipimo vinapotea. Vipimo vya wiki iliyopita vina matundu kama wavu, na mimi siwezi kuwakaribisha wageni niwaonyeshe wavu. Isipokaa sawa tunaihamishia Mkuu, kule Rombo, kwenye ofisi, wana fundi wao kule. Na mkataba wako, basi. Si kwa ubaya."

"Nimeelewa."

"Halafu kwa nini usipande ukaitazame? Si iko sebuleni kwa baba yako?"

"Nitapanda," Anold akasema, na akaandika tena amri ile ile, kama mtu anayemuuliza mgonjwa swali mara ya pili akitumaini atabadilisha jibu.

Mashine haikubadilisha. Nusu.

* * *

Huko Kilema mzee Ambrosi alikuwa amekaa mbele ya seva, mikono magotini, akiangalia vitaa vyake vya kijani vikipepesa.

Simu ya mezani ilikuwa pembeni. Mradi ndio ulioivuta mpaka pale, nguzo baada ya nguzo kupita kwenye migomba ya watu, na ilifungwa iwe ya kupigiwa tu, haiwezi kupiga popote. Siku ya kuifunga Anold alimwelekeza vizuri: "Baba, simu ikilia usiiguse. Ni ya mashine. Italia mara moja, mashine itapokea yenyewe." Na kweli ndivyo ilivyokuwa. Kengele moja, halafu kimya, kama mtu aliyepiga hodi akakumbuka kwamba hana shida. Kisha vitaa vinaanza kucheza, na mzee anasema peke yake, "Yumo."

Nyumba ile ilikuwa na ukubwa wa kawaida mpaka mkewe, Mektrida, alipofariki. Tangu hapo ilikuwa ikikua. Majirani walisema mzee akitoka chumbani kwenda jikoni anabeba kiti, apumzike njiani. Ng'ombe alikuwepo nyuma, lakini ng'ombe huyo alikuwa na kiburi, akishakula majani hageuki. Mashine angalau ilivuma. Ambrosi aliifunika kitambaa cha kufuma cha marehemu, na asubuhi aliisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo." Leonia, jirani yake, aliapa kisimani kwamba alisikia ikiitikia.

Siri yenyewe ilianza kiangazi, kwa mende. Ambrosi aliwaona wakiingia kwenye mashine kwa nyuma, familia nzima na wakwe. Akazima swichi ya ukutani, maana hakuwa mjinga, akafungua kava kama alivyomwona mwanawe akifungua, akakuta ndani vipande viwili vya kijani vimesimama wima, vyembamba kama vitana. Kimoja alikichomoa. Akakifuta kwa jani kavu la mgomba, akakirudisha, hakikukaa vizuri, akawasha.

Jioni ile simu ililia mara moja, ikakatika. Ikalia tena. Na tena. Vitaa vilicheza kama harusini mpaka giza likaingia kabisa, na mzee hakusogea pale kwenye kiti. Tangu Krismasi mwanawe hakuwa amemtumia hata salamu ya njiani, na leo alikuwa akipiga hodi kama mtu aliyesahau kitu.

Ambrosi alifikiri siku kadhaa. Kisha, sebule ilipozidi kuwa kubwa, alizima swichi, akachomoa kipande, akakitia mfukoni mwa koti pamoja na kopo la ugoro. Kesho yake alikirudisha, na tangu hapo ikawa mazoea; hata jioni hii kilikuwa mfukoni. Hakuwa na nia mbaya na mradi wa mtu. Wala hakujua kwamba kuna vipimo vinapotea, wala kwamba kuna mkataba.

"Meku, mzee wangu, simu inakulilia kila siku," Leonia alimwambia jioni hiyo, akiweka bakuli la mtori wa ndizi mezani. "Nani huyo?"

"Si yangu. Ni ya mashine."

"Inaiambia nini?"

"Wanaulizana hali."

"Wewe je?"

"Mimi nakaa tu."

Leonia akatoa simu ya mkononi kutoka kwenye fundo la khanga. Alitumiwa na mtoto wake wa Dar es Salaam, na aliivaa kama wengine wanavyovaa msalaba. "Mpigie Anold kwa hii. Namba yake ninayo."

"Ana shughuli."

"Shughuli gani saa hizi?"

"Anaongea na mashine," mzee akasema, akavuta bakuli. "Mtori wako leo umekosa chumvi, jirani."

"Umekosa mtu wa kula naye," Leonia akajibu, na akaenda zake kwenye mvua.

* * *

Pasua, katika chumba na sebule walichopanga, Yuditha, mke wa Anold, alikuwa akikunja mitumba aliyoshindwa kuuza siku hiyo. Alizaliwa kwenye kambi za mashamba ya miwa, Arusha Chini, kwa wazazi waliotoka Singida, na mpaka leo alikuwa na namna ya kuwasikiliza Wachaga kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi jirani.

"Jana kamili, leo nusu," Anold alikuwa akimweleza, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. "Nimekagua kila kitu. Ubongo ni ule ule. Diski ni ile ile. Kumbukumbu tu ndiyo inatoka na kurudi. Na kila inapotoka, mashine inakuwa imezimwa ikawashwa."

"Ikazimwa na nani?"

"Umeme wa kule unakatika."

"Umeme ukikatika unachomoa kitu, halafu kesho unakirudisha?" Yuditha akaweka shati juu ya shati. "Baba Aika, mimi mashine sizijui. Lakini hiyo ni tabia ya mtu."

Anold akaichezesha miguu ndani ya beseni.

"Na nyumba ile ina mtu mmoja tu," Yuditha akaendelea. "Unaiuliza mashine usiku na mchana ina hali gani, na pembeni yake kuna mzee. Yeye hujamuuliza."

"Yeye hataki kuulizwa. Ulisikia alichokisema."

"Nilisikia. Na chanzo ni mimi, nilisikia pia hilo."

Chanzo kilikuwa nyama. Krismasi iliyopita Anold alichinjia mbuzi Pasua kwa mara ya kwanza, kwa sababu wageni walikuwa wengi. Mwana akichinja, baba yake ana sehemu yake katika mbuzi huyo huyo, hata kama mbuzi kachinjiwa mwisho wa dunia. Anold aliitenga, akaifunika, akasahau kumwambia mkewe. Yuditha aliiona nyama nzuri imekaa bila kazi, akaitia kwenye sufuria ya wageni. Mpaka Anold anakumbuka, wageni walikuwa wakichokoa meno. Basi badala ya kupanda na kusema yaliyotokea, alikwenda buchani, akanunua sehemu inayofanana na ile, akaifunga kwenye jani la mgomba na kumpa dereva.

Ambrosi aliufungua mzigo mbele ya wazee wenzake waliokuja kunywa mbege, pombe ya ndizi. Wote wakauona mfupa. Ulikuwa umekatwa kwa msumeno, laini kama ubao wa fundi. Mbuzi wa nyumbani hakatwi kwa msumeno. Mzee akaufunga tena mzigo, taratibu, akasema, "Mwanangu safari hii kachinja bucha." Wazee walicheka mpaka mmoja ikabidi alazwe kwenye majani ya ng'ombe apate pumzi. Kabla ya mwaka mpya kuingia, kijiji kizima kilikuwa kikimwita Anold jina hilo. Bucha. Hata watoto wa Kilema waliokutana naye mjini: "Shikamoo, Bucha."

"Alinifanya kichekesho," Anold akasema.

"Ulimpelekea msumeno," Yuditha akajibu. "Angefanya nini, alie mbele ya watu?"

Maji kwenye beseni yalikuwa yamepoa. Anold hakuitoa miguu.

* * *

Siku iliyofuata mvua ilipumzika, na ukimya uliokuja baada yake ulikuwa mbaya kuliko mvua. Leonia alikuwa msibani. Ng'ombe alikuwa amegeukia ukuta. Kipande cha kijani kilikuwa mfukoni mwa koti tangu jana, na Ambrosi alikaa mbele ya mashine akingoja.

Simu ikalia. Na mkono wa mzee, ambao miezi yote hiyo ulikuwa umekaa magotini kwa adabu, ukanyanyuka wenyewe na kuidaka kabla ya mashine.

"Anold?"

Sikioni mwake kikaingia kilio. Kilipanda, kikashuka, kikakwaruza, kikapiga miluzi miwili. Mzee alifumba macho lakini hakuiondoa simu.

"Anold, ni mimi. Ni baba."

Kilio kikaendelea. Alidhani labda mwanawe yuko nyuma yake, mbali kidogo, kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto uliojaa. Akapaza sauti. "Umekula? Aika amepona kikohozi?" Akangoja, akasogeza simu sikio la pili, ambalo lilikuwa zima zaidi. "Ile nyama tuiache. Nyama ni nyama."

Kilio kikakatika. Ikabaki sauti moja ndefu, nyembamba, isiyokuwa na mtu.

Mjini, kwenye skrini ya Anold, yalitokea maneno yaliyomwambia kwamba hakuna aliyepokea. Aliamuru ipige tena. Huko juu mzee alikuwa bado ameshika simu, na laini ilikuwa na shughuli. Akaamuru tena. Shughuli. Ronald alikuwa nyuma yake, mwavuli mkononi.

"Sasa hata kupokea haipokei?"

"Inaonekana laini imekufa."

"Basi tumeshaongea vya kutosha na hii laini," Ronald akasema kwa upole wake. "Kesho asubuhi tunapanda, mimi na wewe."

* * *

Ambrosi aliwaona wakishuka kwenye gari la ofisi, viatu vyao vikizama kwenye tope. Alikuwa na muda wa kutosha. Alikwenda ndani, akazima, akakirudisha kipande mahali pake, akawasha, akatoka kuwapokea akiwa amevaa koti.

"Shikamoo mzee," wakasema wote wawili.

"Marahaba," akamjibu Ronald. Kisha akamtazama Anold begani, mahali ambapo hapana macho. "Karibu, fundi."

Anold aliingia katika nyumba aliyozaliwa ndani yake na kuonyeshwa kiti cha wageni, kile chenye mto. Hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kukikalia. Alisimama, akaambiwa tena, "Kaa, fundi, kiti hakina neno," akakaa. Mzee akaleta chai kwenye vikombe vya kabatini, vya wageni. Ronald, ambaye aliyaona yote na kujifanya haoni, aliinywa upesi ikamuunguza ulimi.

Wakakikunja kitambaa upande mmoja, wakafungua mashine. Anold alichomeka skrini na kibodi walivyokuja navyo, akaandika amri yake. Mia mbili hamsini na sita. Ronald akainama, akaisoma mwenyewe.

"Kamili," akasema.

"Kamili," Anold akasema.

"Sasa tatizo liko wapi?"

Anold alizima, akaingiza mkono, akachomoa kipande cha kwanza. Kilikuwa kisafi. Akachomoa cha pili, na kabla hajakifikisha kwenye mwanga akapiga chafya. Akakigeuza. Katikati ya meno yake ya dhahabu kulikuwa na unga mwembamba wa kahawia, na pembeni alama ya dole gumba, pana, lenye kovu la panga la kupogolea migomba. Alilijua dole gumba hilo. Lilimfunga vifungo vya shati siku ya kipaimara.

Akainua macho. Mzee alikuwa akiangalia dirishani, lakini mkono wake ulikuwa mfukoni mwa koti, pale anapoweka kopo la ugoro.

"Mzee," Ronald akauliza, kwa heshima zote, "kuna mtu anaifungua hii mashine? Mtoto wa jirani, labda? Tungependa tujue tu. Hii si mali ya mtu mmoja."

Ambrosi akageuka. Akavuta pumzi ya mtu anayetaka kusema jambo refu.

"Ni mimi," Anold akasema.

Ronald akamtazama.

"Sikuvikaza. Siku ya kuifunga nilikuwa na haraka. Hiki kimekuwa kikicheza, joto likipanda kinaachia, baridi ikija kinashika. Kosa langu."

"Miezi yote hii?"

"Nilipaswa kuja kuangalia. Sikuja."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na pengine ndiyo maana Ronald aliliamini lote. Alifuta mikono kwa leso, akaikunja. "Afadhali umesema mwenyewe. Lakini unaelewa siwezi kuiacha hapa. Inakwenda Mkuu leo. Na mwisho wa mwezi, wewe na sisi..." Akaitia leso mfukoni.

"Naelewa."

Mzee hakuwa amejua habari ya mwisho wa mwezi. Aliisikia hapo, amesimama, na mdomo wake, uliokuwa umeandaliwa kusema jambo refu, ukabaki wazi kidogo. Aliwaangalia wakichomoa nyaya. Walipoinua mashine alikwenda akaivua kitambaa cha Mektrida, akaifuta vumbi kwa mkono wa koti, juu, pembeni, kama anayemtengeneza mtu wa safari.

"Na simu?" akamuuliza Ronald.

"Itabaki mpaka mwisho wa mwezi, mzee, halafu itakatwa. Laini ni ya mradi."

"Sawa." Kisha, akiwa bado anamtazama Ronald: "Mwambie fundi amesahau bisibisi yake."

Anold akarudi, akaichukua mezani. Walikuwa wawili tu sebuleni. Gari likapiga honi.

* * *

"Umesema ni wewe," Yuditha akarudia, shati la mitumba limening'inia mkononi.

"Ningesema nini? Kwamba baba yangu anaiba kumbukumbu ili niipigie simu mashine?"

Yuditha alianza kucheka, akaacha. "Tutaishije?"

"Nitafunga kompyuta za watu. Mjini zinazidi kuja."

"Na yeye?"

"Hajasema neno. Kaniita fundi."

"Wewe umemwitaje?"

Anold akafikiri. Alimwita mzee tu, kama Ronald.

* * *

Siku zilizobakia Anold alikwenda kazini kama kawaida, na jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, alikaa mbele ya skrini bila kuwa na mashine ya kuuliza. Ile ya Mkuu ilikuwa na fundi wake. Vidole vilikuwa na mazoea, vikawa vinagonga meza.

Jioni moja akaisukuma kibodi pembeni. Akavuta simu ya ofisi, ya kushika kwa mkono, na akabonyeza namba ambayo kwa miezi mingi kompyuta ilikuwa ikimbonyezea.

Huko juu ikalia mara moja.

Ambrosi alikuwa kwenye kiti chake kile kile, mbele ya meza iliyobaki na alama nne za miguu ya mashine kwenye vumbi. Akashtuka. Ikalia mara ya pili. Hakuwahi kuisikia ikilia mara ya pili. Akaitazama, akaitazama meza. Simu ni ya mashine, na mashine haipo. Maskini fundi wa Mkuu, akafikiri, kakosea namba, anaitafuta. Na yeye aliishika siku moja tu, na tazama kilichotokea kwa mkataba wa mwanawe. Akaikunja mikono, akaiweka kwapani.

Ikalia mpaka ikachoka.

Anold akaweka simu chini. Basi. Hataki. Akachukua koti, akazima taa, akafika mlangoni. Nje mvua ilikuwa ikianza tena juu ya mabati ya duka.

Ni kitasa kilichomshika mkono. Mashine ilimkatalia mara ngapi, msimu huu peke yake? Laini mbovu, shughuli, kimya. Hakuwahi kununa. Hakuwahi kusema hataki. Alikuwa akipiga tena, na tena, na wakati anapiga alikuwa hata akiimba.

Akarudi bila kuwasha taa. Akapiga. Ikalia mpaka mwisho. Akapiga. Ikalia mpaka mwisho. Akapiga.

Huko Kilema mzee alikuwa amesimama. Hakuna fundi wa Mkuu mwenye kichwa kigumu namna hii. Kichwa hiki alikijua, kilitoka kwake. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaiweka mbali kidogo na sikio, uso ameukunja, akingoja kile kilio.

Hakikuja. Ilikuja mvua, mvua ya mjini ikipiga mabati, na pumzi ya mtu.

"Mashine haipo," mzee akasema haraka. "Wameichukua. Ipo Mkuu."

"Najua. Shikamoo baba."

Mzee akasogeza simu kwenye sikio lile zima zaidi.

"Marahaba," akasema Ambrosi. Na baadaye: "Wewe ni Anold."

"Ni mimi. Sikuipigia mashine. Nimekupigia wewe, nijue hali yako."

"Salama. Salama tu."

"Baba."

"Naam."

"Usinijibu hivyo. Niambie ilivyo. Kimoja kimoja."

Mzee akaangalia sebule yote, kutoka mlangoni mpaka dirishani, kama mtu anayetafuta msaada. "Kwangu kuna nini cha kukagua?"

"Anza na magoti," Anold akasema.

Ambrosi akakivuta kiti kile chenye mto, cha wageni, akakaa.

"La kulia," akauliza, "au la kushoto?"